Kamongo, samaki anayekufa maji

Mama mmoja wa Nyalenda, Kisumu, anayeuza mboga, ameniandikia hivi:

"Daktari, habari ya huko. Jumamosi nilishuka Dunga saa moja asubuhi nikanunua kamongo, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani. Nikamtia kwenye gunia lililoloa, nikamweka chini ya meza yangu ya sukuma wiki. Saa tisa alasiri nafungua gunia nimkate, namkuta anahema. Anafungua mdomo, anafunga. Kisu kikanitoka mkononi. Binti yangu wa gredi ya tisa akasema amesoma habari za silikanti, samaki wa baharini aliyedhaniwa ameisha duniani tangu enzi za dinosaria, na kwamba kamongo ni wa ukoo wake. Baba yao akacheka, akasema kamongo si samaki hata kidogo, ni nyoka wa majini, na kwao wanawake hawamgusi. Nani kati yao anasema kweli? Na je, nimekosea kumla?"

Mama, asante kwa kuuliza. Binti yako amesema kweli: kamongo na silikanti ni wa ukoo mmoja. Baba yao amekosea juu ya nyoka, lakini hakuwa wa kwanza, na hapa chini nitakutajia msomi mkubwa aliyepotea karibu na njia hiyo hiyo. Wewe kumla hukukosea. Ila siwezi kukuacha na jibu la mistari mitatu, kwa sababu hicho ulichokiona ndani ya gunia ni kitu ambacho nimekishangaa maisha yangu yote ya kazi, na bado sijachoka.

Nianze na kuhema kwake.

Nilipokuwa kijana, wiki zangu za kwanza kazini, wavuvi wa upande wa Nyando walituletea kamongo watatu hai. Nilikabidhiwa kuwatunza. Niliogopa wasiruke nje ya tangi usiku, kwa hiyo nikalaza wavu wa chuma juu yao, nikaufunga kwa mawe, kisha nikafungua bomba mpaka maji yakapanda juu ya ule wavu kiasi cha kiganja. Nilijua samaki anataka maji, na mimi nimempa maji tele. Asubuhi niliwakuta wote watatu wameganda chini ya wavu, pua zimesukumwa kwenye matundu ya chuma, midomo wazi. Mmoja alikuwa amejichubua ngozi ya kichwa kwa kusukuma. Mzee aliyewaleta alikuja siku ile ile kuchukua malipo yake, akaniita kando, akaniambia polepole: "Kijana, umewafunga pua. Samaki wako wamekufa maji."

Sijawahi kulisahau neno lile. Samaki kufa maji. Lakini ndivyo ilivyo. Kamongo mkubwa ana matamvua, ila yamedhoofika kiasi kwamba hayawezi kumpa hewa ya kumtosha. Hayo hutumika zaidi kutoa hewa chafu. Hewa ya kuishi anaivuta juu, kwa mdomo, kama wewe na mimi, na inaingia kwenye mapafu. Nasema mapafu na nina maana ya mapafu. Ni mawili, yamelala marefu chini ya uti wa mgongo, yana vyumba vidogo vidogo vyenye mishipa ya damu, na yanaanzia kooni. Damu iliyopata hewa humo inarudi kwenye moyo kwa njia yake, na moyo wenyewe umeanza kugawanyika ndani ili damu safi na damu chafu zisichanganyike ovyo. Ukimzuia asifike juu ya maji, anakufa maji kama mtu.

Kwa hiyo ndani ya gunia lako lililoloa kamongo hakuwa katika hali mbaya kama ambavyo ngege (tilapia) angekuwa. Ngege nje ya maji matamvua yake yanashikana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na kwa muda mfupi amekwisha. Kamongo alichohitaji ni ngozi isikauke. Unyevu wa gunia ulimtosha, hewa ya Nyalenda akaivuta mwenyewe.

Utaniambia kambare naye hukaa muda mrefu nje ya maji. Kweli, mumi wetu ni mgumu. Lakini yeye hana mapafu. Juu ya matamvua yake kuna kitu chekundu chenye matawi kama mti mdogo, na hicho ndicho kinachonyonya hewa. Siku ukikata kichwa cha kambare kifungue vizuri utakiona, kinapendeza kama ua. Kambare alijitengenezea kifaa kipya. Kamongo anatumia cha zamani, cha mababu.

Na hapa nataka ufanye jambo moja jikoni kwako. Ukinunua ngege au mbuta (sangara), usitupe matumbo upesi. Chini ya uti wa mgongo utaona kifuko cheupe chenye hewa, laini, kinateleza. Kwa mbuta ndicho kile ambacho wanunuzi hukikausha na kukiita bondo, kinachosafirishwa mpaka China kwa bei inayowashangaza hata wavuvi wenyewe. Kifuko hicho humsaidia samaki aelee bila kutumia nguvu. Watu wengi hudhani kifuko kilitangulia, kisha katika baadhi ya samaki kikageuka mapafu. Ni kinyume chake. Mababu wa samaki wote wenye mifupa walikuwa na pafu la namna fulani, na katika njia iliyowaleta mbuta na ngege pafu likageuka kuwa kifuko cha kuelea. Kamongo hakugeuza. Alibaki nalo likifanya kazi yake ya kwanza.

Sasa twende baharini, kwa yule wa binti yako.

Tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika Kusini, kijana wa kike aliyesimamia jumba dogo la makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa bandarini. Nahodha Hendrik Goosen alikuwa amerudi na meli yake ya uvuvi, na alikuwa na desturi ya kumwekea dada huyo samaki wa ajabu ajabu. Chini ya rundo la papa na samaki bapa waitwao taa akaona pezi la rangi ya buluu. Akafukua. Samaki alikuwa na urefu wa mita moja na nusu hivi, magamba magumu kama ya chuma, madoa meupe, na mapezi manne yaliyosimama juu ya nyama nene kama mikono na miguu ya mtoto. Hakumjua, ila alijua hajapata kumwona mwingine kama huyo. Akataka kumpeleka makumbusho kwa teksi, na dereva akagoma kwa sababu ya harufu, mpaka akabembelezwa. Chumba cha kuhifadhia maiti kikamkataa samaki, ghala la barafu nalo likamkataa. Mwishowe akapelekwa kwa fundi wa kukausha wanyama, na viungo vya ndani vikaoza vikatupwa. Dada huyu alichora picha yake kwenye karatasi, akaituma kwa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki. Smith alipoitazama alitambua umbo alilolijua kutoka kwenye mawe tu. Ukoo huo ulikuwa unajulikana kwa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na kisukuku cha mwisho kilikuwa cha miaka kama milioni 66 iliyopita, wakati dinosaria walipotoweka. Akampa jina Latimeria, kwa heshima ya aliyemwokoa asitupwe.

Ilichukua miaka kumi na minne kumpata wa pili. Smith alichapisha vikaratasi vyenye picha kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi pauni 100, vikasambazwa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Desemba 1952 akapatikana Komoro. Na sikiliza hili, Mama: wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombessa, walimvua mara moja moja, na hawakumthamini kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi na haina ladha. Ajabu ya karne kwa wasomi ilikuwa kero ya ndoana kwa wenye bahari yao. Hali hiyo hiyo ikajirudia Indonesia mwaka 1997: mtaalamu mmoja na mkewe, wakiwa kwenye fungate, walimwona silikanti wa aina ya pili akisukumwa kwenye mkokoteni sokoni Manado.

Kwetu hapa Afrika Mashariki yupo pia. Mwaka 2001 mmoja alinaswa na meli ya uvuvi nje ya Malindi, mzito zaidi ya kilo 70. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanga, Tanzania, walianza kuwatoa kwa wingi usiotarajiwa kwenye nyavu za kina kirefu, mpaka Tanzania ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Anaishi kwenye mapango ya miamba, mita mia na zaidi chini ya maji, hazai mayai bali watoto hai, na utafiti wa magamba yake uliotoka 2021 ulionyesha anaweza kufikisha kama miaka 100.

Lakini lililonifurahisha kuliko yote lilikuja 2015. Watafiti waliwachunguza silikanti wa umri mbalimbali, kuanzia mimba hadi wakubwa, kwa mashine ya kuona ndani ya mwili. Wakakuta silikanti ana pafu. Akiwa mimba changa linaanza kukua vizuri, kisha linadumaa. Kwa mkubwa limebaki kijibomba kidogo, na kando yake kuna kiungo kikubwa kilichojaa mafuta. Halifanyi kazi ya kuvuta hewa hata kidogo. Huko chini gizani atapanda juu kuvuta hewa ya nini?

Unaona sasa ukoo ulivyo? Zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita baharini kulikuwa na jamaa wa samaki wenye mapezi ya nyama, na walikuwa na mapafu. Kamongo wa kale kabisa wanaojulikana kwa visukuku walikuwa wa baharini. Rudia sentensi hiyo kwa binti yako: mababu wa kamongo walikuwa samaki wa baharini. Wengine wa ukoo wakashuka kwenye kina, na pafu likafa ndani yao likageuka mafuta. Silikanti ndiye anayetuonyesha hilo. Wengine wakaingia maji baridi, mito na madimbwi ya vuguvugu ambayo hewa yake ni haba, na humo pafu likawa ndilo linalomtenga anayeishi na anayekufa. Hao ndio wazazi wa kamongo. Na tawi la tatu likatoka majini kabisa: vyura, mijusi, ndege, ng'ombe, watu.

Swali la nani kati ya silikanti na kamongo yuko karibu zaidi na sisi lilibishaniwa kwa miaka mingi. Jenomu ya silikanti, yaani maandishi yote ya urithi (DNA) yaliyo ndani ya chembe zake, iliposomwa mwaka 2013 na kulinganishwa na za wengine, jibu likawa wazi: ni kamongo. Kwa lugha ya nyumbani, kamongo ni binamu yako kuliko alivyo binamu wa ngege. Yeye na ngege wanakaa mtaa mmoja, wanauzwa kwenye meza moja, wote tunawaita samaki, lakini kwa damu kamongo yuko upande wako wewe mwenye kisu.

Ukitaka kuuona undugu huo kwa macho, mlaze kamongo kwenye beseni pana. Ana nyuzi nne ndefu kama mikia ya panya. Watu hudhani ni sharubu. Ni mapezi yake, mawili mabegani na mawili nyongani, mahali pale pale ilipo mikono yako na miguu yako. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walimpiga picha kamongo wa Afrika Magharibi akitembea: anainua mwili kutoka sakafuni kwa yale mawili ya nyuma, anapiga hatua, mara moja moja kwa zamu, mara zote mbili pamoja. Mapafu yenye hewa humwelesha sehemu ya mbele, ndiyo maana nyuzi nyembamba vile zinaweza kumbeba. Na akiwa mtoto, ametoka tu kwenye yai, ana matamvua ya nje kama manyoya kando ya shingo, yanampa sura ya kiluwiluwi.

Hapo sasa nimrudie baba yao. Kamongo wa kwanza kufika mikononi mwa wasomi wa Ulaya alikuwa yule wa Amerika Kusini. Mwaka 1837, Fitzinger wa Vienna alitazama mapafu yake akamweka kwenye kundi la vyura. Muda mfupi baadaye Richard Owen wa London akapata wa Gambia, akasema hapana, huyu ni samaki. Ubishi ukaendelea kwa miaka. Kwa hiyo mzee akisema "huyu si samaki" anayasema aliyoyaona kwa macho yake: mwili mrefu, ngozi inayoteleza, hakuna mapezi ya kawaida, na anahema. Nyoka si wa jamii hiyo, lakini mshangao wake ni wa haki. Mweleze tu apitishe kidole kwenye ubavu wa kamongo kutoka mkiani kwenda kichwani. Magamba yapo, yamezama ndani ya ngozi laini, yatamkwaruza kidogo.

Juu ya wanawake kutomla, mila hiyo ni ya kweli na si ya kwao peke yao. Kwa Baganda kamongo ni mwiko wa ukoo mzima wa Mmamba, wanawake kwa wanaume, maana ndiye alama yao. Sehemu nyingi za kandokando ya ziwa wanawake walikatazwa. Siwezi kumwambia mtu aache mila ya mama yake, na mgeni akifika mezani kwangu hamli, simlazimishi. Ila kama swali ni la mwili, nyama ya kamongo haina dhara kwa mwanamke. Ni nyama nzuri, nene, haina miiba mingi midogo, na wengi wetu huku tunaipenda kuliko ya mbuta.

Lipo jambo jingine ambalo hukuuliza, lakini nikilinyamazia nitakuwa nimekupa nusu ya kamongo.

Kamongo ana uwezo wa kulala ardhini. Wa Afrika Magharibi, binamu wa wetu, hufanya hivyo kila kiangazi maji yanapokauka. Anachimba tope kwa mdomo mpaka apate shimo lenye umbo la chupa, anajikunja humo kichwa juu, mkia ukifunika uso, kisha ngozi yake inatoa ute mwingi unaokauka kuwa kifuko chepesi kama karatasi ya ngozi, kikiwa na tundu moja tu mdomoni. Humo anapunguza moyo, anapunguza pumzi, na anaishi kwa kula misuli yake mwenyewe, pole pole. Miezi, na maabara imeshuhudia mpaka miaka kadhaa. Katika karne ya 19 walisafirishwa kutoka Gambia hadi Uingereza ndani ya mabonge ya udongo mkavu, wakalowekwa maji huko wakaamka. Kifuko chenyewe tulikidhani ni ganda tu. Mwaka 2021 ikagundulika kina chembe hai za kinga ya mwili zinazonasa bakteria, kwa hiyo mnyama amelala lakini blanketi lake linamlinda.

Jinsi anavyoepuka kujiua kwa sumu ya mwili wake ndiyo iliyomleta ziwani kwetu Homer Smith, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa figo, mwishoni mwa miaka ya 1920. Samaki wa kawaida hutoa taka za mwili kama amonia, na amonia inahitaji maji mengi ya kuisafisha. Aliyelala udongoni hana maji. Homer Smith alionyesha kwamba kamongo akifunga anageuza amonia kuwa urea, ile ile iliyo kwenye mkojo wako, ambayo haiunguzi, na kuihifadhi mwilini mpaka mvua inyeshe. Na silikanti? Damu yake imejaa urea pia, ila kwa sababu nyingine: inamsaidia chumvi ya bahari isimnyonye maji mwilini. Papa naye anafanya hivyo, na ndiyo maana nyama ya papa ikikaa hutoa ule ukali unaopanda puani. Kemia ni moja. Mmoja anaitumia dhidi ya chumvi, mwingine dhidi ya kiangazi.

Kamongo wetu wa ziwa ana uwezo huo huo wa kulala, lakini mara chache anauhitaji kwa sababu ziwa halimkaukii. Yeye anaishi kwa mapafu kwenye mafunjo. Ndani ya mafunjo ya Nyando au ya Yala maji ni meusi, majani yanaoza, hewa ndani ya maji karibu haipo. Mbuta hawezi kuingia humo. Ndiyo maana fulu wengine, wale samaki wadogo wa ziwa, ambao mbuta aliwamaliza ziwani bado wanapatikana pembezoni mwa mafunjo na kwenye viziwa kama Kanyaboli. Kamongo anaingia humo kama mtu anayeingia nyumbani kwake, anavunja konokono na kaa kwa mabamba ya meno yake. Konokono hao ni pamoja na wale wanaobeba kichocho, na wewe unayeishi karibu na maji unajua kichocho kimewafanya nini watoto wetu.

Dume ndiye mlezi. Jike hutaga kwenye shimo kati ya mizizi ya mafunjo na kuondoka, dume anabaki wiki kadhaa akilinda mayai na vifaranga, hata mtu akiingiza mguu anauma. Uaminifu huo umemponza. Mvuvi akishajua shimo lilipo, dume hakimbii. Ukimtoa yeye, kizazi kizima kimekwisha siku hiyo. Ongeza mafunjo yanayochomwa na kulimwa, na utaelewa kwa nini katika Ziwa Victoria kamongo alipungua sana katika nusu ya pili ya karne ya 20. Magugumaji yalipofunika ghuba ya Winam miaka ya 1990, wavuvi walilia, na walikuwa na haki, lakini kamongo na kambare walionekana wakiongezeka chini ya zulia lile, maana walipata mafunjo mapya ya kujificha. Kule Baringo, ambako aliingizwa miaka ya 1970 na hakuwa mwenyeji, amekuwa miongoni mwa samaki wakuu wa wavuvi.

Mimi ningependa mashimo yale yaachwe. Kamongo aliyenaswa kwa ndoana kwenye maji ya wazi sina ugomvi naye, mle. Lakini ukiwa Dunga na muuzaji akajisifu kwamba amemtoa "mlangoni kwake", usimnunue huyo. Wateja wakikataa, wavuvi husikia upesi kuliko wanavyosikia afisa.

Binti yako atataka tarakimu za kupeleka shuleni, basi mpe hizi. Kamongo duniani ni aina sita: nne za Afrika, moja ya Amerika Kusini, moja ya Australia. Yule wa Australia ana pafu moja, wengine mawili. Mmoja wa Australia alifika kwenye jumba la maonyesho ya samaki la Chicago mwaka 1933 akiwa tayari mkubwa, akaishi humo mpaka 2017. Jenomu ya mtu ina herufi kama bilioni tatu. Ya kamongo wa Afrika Magharibi ni kama bilioni 40, ya yule wa Amerika Kusini iliyosomwa 2024 ni bilioni 91, na ya huyu wetu wa ziwani, kwa vipimo vya uzito wa DNA kwenye chembe, inakadiriwa kupita bilioni 100. Si kwamba ana akili kutushinda. Sehemu kubwa ni vipande vinavyojirudia rudia, lakini hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo aliyepimwa akamzidi.

Na Jumamosi ijayo, kabla ya kisu, fanyeni hivi nyumbani. Beseni kubwa, maji yafike nusu, yasijae, na usifunike. Mtieni kamongo, mzime redio, mkae kimya. Atatulia chini kama gogo. Baada ya dakika chache atainua kichwa taratibu, pua itagusa juu, mdomo utafunguka, na mtasikia sauti ndogo kama ya mtu anayefyonza chai ya moto. Kisha atashuka, na mapovu machache yatatoka kwenye mashavu. Binti ashike saa aandike muda kati ya pumzi moja na nyingine. Mara kumi zatosha. Baba yao akae karibu asikie mwenyewe. Vidole tu viwe mbali na mdomo, maana meno yale yanayovunja kaa hayachagui.